Ujumbe Ufike Kama Ulivyotoka

Mfululizo: Tujiandae Kabla ya Mvua
Msomaji: mtangazaji mmoja
Muda: dakika 20

(Muziki wa kipindi, sekunde 15, kisha ushuke chini ya sauti.)

   Keti, tuzungumze.

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniuliza swali mbele ya watu. Alisema: "Kaka mtangazaji, kila siku mnatuambia mvua inakuja, tujiandae. Je, ninyi wa redio mmejiandaa? Mnara wa simu ukizimika, na umeme wenu ukizimika, mtasema nasi kwa kitu gani?" Watu walicheka. Mimi pia nilicheka. Lakini usiku lile swali lilininyima usingizi.

Lilininyima usingizi kwa sababu jambo hilo lilishatokea. Mvua za mwaka jana wengi mnazikumbuka. Upepo ulikuja usiku, ukachukua mabati na maturubai. Simu zikakosa mtandao. Betri za studio yetu hazikuwa na chaji, kwa maana hakuna aliyezipima kwa wiki tatu. Kila mmoja wetu alidhani mwenzake amepima. Asubuhi nilikuwa peke yangu studio, mbele ya kipaza sauti ambacho hakiwaki.

Akaja kijana wa baiskeli, ameloa, anahema. Akasema mtoto wa kiume wa miaka minne ameokotwa usiku, yuko salama kwa mama mmoja wa kijiji cha kumi na sita. Mvua ilikuwa inapiga bati. Mimi nikasikia "sita". Nikaandika 6. Sikumsomea tena nilichoandika. Kijana akaondoka.

Mama wa yule mtoto alipofika kuuliza, nilimpa karatasi yangu. Akaenda kijiji cha 6. Alizunguka nyumba kwa nyumba katika matope mpaka jioni. Mtoto wake alikuwa kijiji cha 16, anamlilia. Walionana kesho yake. Mama yule hakunigombeza. Aliniambia tu: "Mwanangu, uliandika haraka."

Neno hilo ninalo mpaka leo. Ndiyo sababu jioni hii nataka kuwaeleza habari za watu ambao kila mwaka hutoka nje uwanjani kufanya mazoezi, ili siku ya hatari ujumbe ufike kama ulivyotoka.

(Muziki, sekunde 5.)

Watu hao wanaitwa wanaredio wa ridhaa. Si watangazaji kama mimi. Hawapigi muziki, hawatangazi biashara, wala hawalipwi. Ni walimu, mafundi, wanafunzi, madereva, wazee waliostaafu. Wamesoma, wamefanya mtihani, wakapewa leseni na serikali ya nchi yao. Kila mmoja anayo redio inayopokea na kutuma, na kila mmoja anapewa jina la hewani, la herufi na tarakimu. Mwanzo wa jina hilo unaonyesha nchi. Wa Kongo huanza na 9Q, wa Burundi 9U, wa Rwanda 9X, wa Tanzania 5H, wa Uganda 5X, wa Kenya 5Z. Kwa hiyo mtu wa Brazil akisikia 9Q hewani anajua hapo hapo: huyu yuko Kongo.

Nchini Marekani chama chao kinaitwa ARRL. Kilianzishwa mwaka 1914. Tangu mwaka 1933 chama hicho kinaandaa siku moja kubwa inayoitwa Field Day, yaani siku ya uwanjani. Siku hizi hufanyika wikendi ya nne kamili ya mwezi wa sita, kote Marekani na Kanada. Vilabu vinaacha nyumba zenye umeme, vinakwenda kwenye uwanja, bustani au kilima, vinafunga mahema na antena. Kisha kwa saa 24 mfululizo, usiku na mchana, vinatafuta vituo vingine hewani, kimoja baada ya kingine. Wanaanza Jumamosi. Huko pwani ya mashariki ya Marekani inakuwa saa 8 mchana, na kwa saa za Tanzania na Uganda ni saa 3 usiku, watu wengi wameshalala.

Ukiwaona hewani usiku huo, utadhani ni mchezo. Na kweli wanahesabu alama kama mpira. Lakini wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Hebu tuangalie jinsi klabu inavyojiandaa, maana kwetu sisi somo liko hapo.

Jambo la kwanza ni mahali. Miezi kabla, klabu inatuma watu kukagua uwanja. Wanauliza: pana kivuli? Pana choo? Gari linafika mvua ikinyesha? Nyaya za umeme zinapita wapi, tusije tukazigusa na antena? Kisha wanaomba ruhusa kwa mwenye uwanja. Klabu ikichagua mahali pa wazi ambapo watu wote wanaweza kuja kuuliza, inapewa alama 100 za ziada. Ikiweka meza ya kuwaeleza wageni, alama 100 nyingine.

Jambo la pili ni antena. Usifikiri ni mnara mkubwa. Mara nyingi ni waya tu. Kwa masafa ya megahezi 7, waya wa karibu mita 20 uliokatwa katikati unatosha. Kwa megahezi 14, karibu mita 10. Wanarusha kamba juu ya mti, wanavuta waya, basi. Mawimbi mafupi hayo hupanda juu, yakagonga tabaka la juu la anga, yakarudi ardhini mbali sana, mamia au maelfu ya kilomita. Ndiyo maana hayahitaji mnara wa simu katikati. Kamba zote zinazoshikilia antena wanazifunga vitambaa vya rangi kali, ili mtu asijikwae gizani. Mtu mmoja anachaguliwa kuwa msimamizi wa usalama. Akisikia radi, anaamuru wote waache redio na kuondoka kwenye nyaya. Hakuna wa kumbishia.

Jambo la tatu ni umeme. Hapa nisikilizeni vizuri, hasa ninyi wenye paneli ndogo na betri nyumbani. Redio ya wati 100 ikituma hunyonya kiasi cha amperi 20 kutoka kwenye betri ya volti 12. Ikisikiliza tu, hunyonya amperi 1 au 2. Kusema kunakula betri kuliko kusikiliza. Kwa hiyo klabu inakaa na karatasi wiki kadhaa kabla: tutatuma kwa muda gani, tutasikiliza kwa muda gani, betri ngapi, paneli ngapi, jenereta itahitaji mafuta lita ngapi. Betri zinachajiwa, zinapimwa, na aliyepima anaandika jina lake na tarehe juu ya betri. Hilo la jina na tarehe ndilo tulilokosa sisi mwaka jana.

Na kuna sheria moja iliyonifurahisha. Ukiwasiliana kwa sauti, kila kituo unachokipata ni alama 1. Ukitumia nukta na mistari ya Morse, au kompyuta, ni alama 2. Lakini klabu ikiamua kutumia wati 5 tu au pungufu, bila jenereta wala umeme wa mjini, kwa betri au jua, alama hizo zinazidishwa mara 5. Wati 5, msikilizaji, ni kama balbu ndogo ya sola. Waliotunga sheria hiyo walijua kwamba siku ya hatari hutakuwa na jenereta. Utakuwa na kilichobaki.

Jambo la nne ni watu. Kuna orodha ya zamu. Nani anakaa redioni saa 6 usiku, nani anaandika, nani anampokea saa 9. Yupo anayesikiliza na yupo anayeandika, kwa sababu mtu mmoja hawezi kufanya yote usiku kucha bila kukosea. Wapo wa chakula na maji ya kunywa, nao ni muhimu sawa na fundi. Wageni na vijana wasio na leseni wanapewa redio yao, na mwenye leseni anakaa pembeni akiwaongoza. Mtoto wa shule anaweza kuongea na mtu wa mbali siku hiyo, akarudi nyumbani akiwa mtu mwingine.

Kabla ya siku yenyewe, klabu nzuri inafunga kila kitu kwa majaribio, halafu inafungua. Hapo ndipo wanagundua kinachokosekana. Na mara nyingi si kitu kikubwa. Redio ipo, hema lipo, lakini plagi moja haiingii, au fyuzi imeungua, au hakuna aliyebeba kalamu.

(Muziki, sekunde 5.)

Sasa nafika kwenye jambo la tano, ambalo ni ujumbe wenyewe.

Katika siku hiyo klabu inaweza kupata alama 100 kwa kutuma ujumbe rasmi mmoja tu. Mmoja, lakini lazima uandikwe kwa utaratibu wao. Juu ya karatasi kuna namba ya ujumbe. Kisha uzito wake. Wana madaraja manne: wa kawaida, wa hali za watu, wa kipaumbele, na wa dharura. Ujumbe wa "hali za watu" ni ule unaouliza au kueleza: fulani yuko hai? yuko wapi? anaendeleaje? Sisi tuliovuka mpaka tukiwa tumepoteana na ndugu tunajua ujumbe huo una uzito gani.

Kisha wanaandika kituo ulikotoka, mahali, saa na tarehe. Na kuna kisanduku kimoja kidogo: idadi ya maneno. Mtumaji anahesabu maneno ya ujumbe, anaandika, tuseme, 14. Anayepokea naye anaandika, halafu anahesabu. Akipata 13, anajua neno moja limeanguka njiani. Hasemi "nadhani nimeelewa". Anarudi na kuuliza. Hakubali kwamba amepokea mpaka hesabu zikutane.

Tarakimu wanazitaja moja moja. Jina gumu wanalitaja herufi kwa herufi, kila herufi na neno lake. Na saa zao zote ni za aina moja duniani, ili mtu asiseme saa 8 na mwenzake akafikiri ni saa 9. Sisi tunalijua hilo. Saa ya Uvira na saa ya Kigoma zinapishana kwa saa nzima, ingawa ni ziwa moja tu katikati.

Je, mazoezi hayo yamewahi kusaidia mtu kweli? Mwezi wa tisa mwaka 2017 kimbunga Maria kilipiga kisiwa cha Puerto Rico. Umeme ulikatika kisiwa kizima, na simu karibu zote zikanyamaza. Msalaba Mwekundu wa Marekani uliomba ARRL iwatafutie wanaredio 50 wa kujitolea. Waliotumwa walizidi 20, wakabeba redio na antena zao. Kazi mojawapo iliyowapeleka ilikuwa kukusanya na kutuma taarifa za walionusurika, ili ndugu zao walioko mbali wajue kwamba wako hai. Hawakwenda kujifunzia huko. Walikuwa wameshajifunza uwanjani, siku ambazo hapakuwa na shida yoyote.

(Muziki, sekunde 5.)

Kabla sijaendelea, vijana wangu, hasa ninyi mafundi wa simu, naomba tuelewane. Kusikiliza redio yako ya kawaida ni ruhusa. Lakini kuunda au kununua mtambo wa kutuma bila leseni ni kosa mbele ya sheria. Unaweza kuvuruga mawasiliano ya gari la wagonjwa. Na wewe mkimbizi ukikutwa na mtambo kama huo, watu hawatakuuliza kama ulikuwa unajifunza. Usijiletee matatizo, wala usiwaletee jirani zako. Siwaambii tutengeneze redio. Nasema tuchukue utaratibu wao. Utaratibu hauhitaji leseni.

Sisi wa studio tulijaribu wiki hii. Tulikuwa watu sita. Nilimnong'oneza wa kwanza ujumbe huu: "Bomba la kijiji cha 12 limefungwa hadi saa 10 jioni, tumieni bomba la zahanati." Kila mmoja akamwambia mwenzake kwa mdomo. Wa sita alisimama akatangaza: "Bomba la kijiji cha 2 limefungwa, tumieni maji ya zahanati saa kumi." Tulicheka sana. Halafu tukanyamaza, kwa maana tulifikiria akina mama wa kijiji cha 12 waliosimama kwenye foleni ya bomba lililofungwa, na wale wa kijiji cha 2 walioacha bomba lao lenye maji.

Mara ya pili tuliandika. Maneno 14, kila namba ikihesabiwa kuwa neno moja. Kila aliyepokea alisoma kwa sauti alichoandika, akahesabu, ndipo akaondoka. Ujumbe ulichelewa kidogo. Lakini ulifika wote.

Kwa hiyo, mambo ambayo kila mjumbe wa kijiji, kila kikundi, hata kila nyumba inaweza kuanza nayo leo ni haya.

Andika. Kipande cha karatasi na kalamu viwe ndani ya mfuko wa plastiki, vining'inie mlangoni, visiloe.

Taja namba mara mbili. Kwanza nzima, halafu tarakimu moja moja. "Kijiji cha kumi na sita, moja, sita." Kama yule kijana wangu wa baiskeli angesema hivyo, au kama mimi ningemwomba aseme hivyo, mama yule asingelala usiku mwingine bila mtoto wake.

Taja herufi inayochanganya. Wengi wetu R na L zinatuchezea kwenye ulimi. Mwingine anasema Rukia, mwingine anaandika Lukia, na orodha inamkataa. Sema "R kama redio" au "L kama limau".

Ukitaja saa, taja na wakati: asubuhi, mchana, jioni au usiku. Na useme kama ni saa ya hapa kambini au ya nyumbani.

Rudia ulichopokea. Aliyepokea asome, aliyeleta asikilize. Hata kama mvua inanyesha. Hasa kama mvua inanyesha.

Na jambo la mwisho: si kila ujumbe wa kupigiwa kelele. Ukimwokota mtoto, usitangaze jina lake na alama zake kwa kila mpita njia, kwa maana anaweza kuja mtu asiye mzazi akadai ni wake. Mpeleke, au mpeleke mtu aende, kwenye ofisi ya ulinzi wa watoto. Na ukitafuta ndugu mliyepoteana naye, nenda dawati la Msalaba Mwekundu. Huduma hiyo hailipiwi. Mtu akikudai pesa ili jina lako liingie kwenye orodha, usimpe, utoe taarifa.

(Muziki, sekunde 5.)

Kijana uliyeniuliza swali, hili hapa jibu langu. Betri zetu sasa zinapimwa kila Jumatatu, na karatasi yenye jina la aliyepima imebandikwa mlangoni. Pita uisome. Ukikuta Jumatatu imepita na hakuna jina, gonga mlango, tuulize mbele ya watu kama ulivyofanya.

Na Jumamosi ijayo tutakuwa na siku yetu ya uwanjani. Uongozi wa kambi umeshaarifiwa. Saa 3 asubuhi tutazima redio kwa makusudi. Tutajifanya hakuna simu, hakuna umeme. Ujumbe mmoja utatoka kijiji cha 1, utapita kijiji kwa kijiji, kwa miguu na kwa baiskeli, mpaka kijiji cha 16. Juu ya kila karatasi kutakuwa na maneno HILI NI ZOEZI, na kila mjumbe atayasema kwanza, ili mtu yeyote asishtuke akaanza kufunga mizigo. Sisi tumekimbia mara nyingi, hatutaki kumkimbiza mtu tena bure. Redio ikirudi saa 6 mchana, nitausoma ujumbe uliotoka na ujumbe uliofika. Ukiwa umepotea njiani, nitawaambia umepotea. Tutarudia Jumamosi inayofuata.

Kila kijiji kilete wajumbe wawili: mmoja wa kusikiliza, mmoja wa kuandika. Vijana waje. Akina mama waje. Mzee asiyeweza kutembea anaweza kukaa barazani akahesabu maneno, na hiyo ni kazi kamili.

Yule mama nilimwalika. Amekubali kusimama kijiji cha 16, kupokea karatasi ya mwisho. Amesema atahesabu maneno yeye mwenyewe, polepole.

Mimi mtangazaji wenu nawatakia usiku mwema. Tukutane Jumamosi uwanjani.

(Muziki wa kufunga.)

Maswali ya kujadili kikundini

1. Je, umewahi kupokea ujumbe uliobadilika njiani? Ulibadilika wapi, na ungezuiwaje?
2. Mtandao wa simu ukikatika usiku wa leo, nani katika kijiji chenu atabeba ujumbe, na nani atabaki na watoto wake?
3. Andikeni ujumbe wa maneno yasiyozidi 15 kuhusu bomba, zahanati au mgao wa chakula. Upitisheni kwa watu sita kwa mdomo, kisha kwa kuandika na kurudia. Linganisheni.
4. Katika nyumba yako, ni kitu gani kila mmoja anadhani mwenzake ameshakiangalia?